Tangazo la BTP linamhusu nani? Kuusoma ubao wa matangazo wa kitivo cha elimu

Mwaka wangu wa pili chuoni nilipangiwa mafunzo ya ualimu kwa vitendo (BTP, yaani Block Teaching Practice) katika shule moja ya kata mkoani Singida. Siku ya kuripoti, mwalimu wa taaluma aliipokea barua yangu, akaisoma mpaka mwisho, akaikunja, kisha akaniuliza: "Hivi nyie wa chuo kikuu, kwa nini kila mwaka mnatujia Julai? Januari tunapowahitaji hatuwaoni." Nikamwambia ratiba ndivyo ilivyo. Jibu lile lilinikera mwenyewe kwa muda mrefu, maana nilikuwa nimelisoma tangazo ubaoni, nimenakili tarehe, nimepanda basi, na bado sikujua kwa nini tarehe zile ndizo zilizochaguliwa.

Matangazo ya kitivo cha elimu huonekana kama habari za ndani ya chuo: mwisho wa kuchagua vituo, ratiba ya semina, nani anatetea tasnifu yake lini, warsha ya mtaala mpya. Kumbe karibu kila karatasi pale ubaoni ina darasa la watoto nyuma yake, na wakati mwingine darasa hilo liko kilomita mia saba kutoka lilipobandikwa tangazo. Mzazi, mkuu wa shule na mwalimu wa taaluma wanahusika nalo kuliko wanavyodhani.

Tuanze na swali la Julai.

Shule za Tanzania hufungua Januari, hufunga Juni kwa likizo ya katikati ya mwaka, hurudi Julai na kumaliza mapema Desemba. Chuo kikuu huanza mwaka wake Oktoba au Novemba, muhula wa kwanza huishia Februari, wa pili hukimbilia Julai, halafu huja likizo ndefu. Zilaze kalenda hizi mbili sambamba uone zinapoachiana nafasi. Shule zinapofunguliwa Januari, mwanachuo yuko katikati ya mihadhara au anajiandaa kwa mitihani. Machi na Aprili, shule zinapofundisha kwa kasi, yeye ndiyo kwanza ameanza muhula wa pili. Upenyo pekee ambapo shule ziko wazi na chuo kimefungwa ni kuanzia Julai hadi Septemba. Ndiyo maana mafunzo kwa vitendo, ambayo kila mtu huyaita BTP, huangukia hapo. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na vyuo vyake vishiriki huwa ni wiki nane kwa kawaida, mwishoni mwa mwaka wa kwanza na tena mwishoni mwa mwaka wa pili. Tarehe zenyewe husogea mwaka hadi mwaka, upenyo hausogei.

Upenyo huo nao si mpana kama unavyoonekana. Kidato cha Nne wanajiandaa na mtihani wa taifa wa Novemba, na majaribio ya mkoa na ya wilaya yanawafuata Julai na Agosti. Mkuu wa shule mwenye busara hamkabidhi mgeni darasa hilo. Kidato cha Pili nao wana upimaji wao karibu na mwisho wa mwaka. Kwa hiyo mwanachuo hupewa zaidi Kidato cha Kwanza na cha Tatu, na cha Pili kwa tahadhari. Sasa piga hesabu. Somo lenye vipindi vitatu vya dakika 40 kwa wiki, kwa wiki nane, ni vipindi 24. Toa siku ya Nane Nane, toa wiki ya majaribio, toa siku za kwanza ambazo bado unatafutiwa ratiba na kiti katika ofisi ya walimu. Mwalimu anayekuja kuandaliwa kwa ajira ya miaka thelathini amefundisha somo lake mara kumi na kitu hivi kabla hajafungasha.

Kenya walikata shauri tofauti. Shahada yao ya ualimu ni ya miaka minne, yetu ni mitatu, na mwaka huo wa ziada unawapa nafasi ya kumpeleka mwanachuo shuleni kwa muhula mzima wa shule kwa kawaida. Anayemaliza Kenyatta au Moi ameshaona muhula ukifunguliwa na ukifungwa, akatunga mtihani, akasahihisha, akajaza ripoti za wanafunzi. Sisi tunatuma mara mbili kwa vipindi vifupi. Faida ya kutuma mara mbili ninaikubali: makosa ya mara ya kwanza una mwaka mzima wa kuyatafakari, na mara ya pili unaingia darasani ukiwa mtu mwingine. Lakini mwanzo wa mwaka hatuuoni kabisa, na mwanzo wa mwaka ndio mgumu. Mtoto wa Kidato cha Kwanza anayefika Januari akitoka shule ya msingi iliyomfundisha kwa Kiswahili, akakuta masomo karibu yote ni kwa Kiingereza, mwanachuo hukutana naye Julai, akiwa ama ameshazoea ama ameshakata tamaa kimyakimya.

Tangazo lenyewe la BTP lina safari ndefu. Kwanza hutoka la kuchagua vituo: mfumo unafunguliwa, mikoa na nafasi zake zinaonekana, na unajaza kabla ya siku ya mwisho. Nafasi za mijini huisha haraka, kila mtu anajua. Kinachojulikana kidogo ni kwa nini mikoa yote haiwekwi wazi kwa wote. Mwanachuo lazima atembelewe na wahadhiri wa kumtathmini, na wahadhiri wachache wanatakiwa kuwafikia maelfu ya wanachuo waliotawanyika, hivyo chuo hugawa nchi kwa kanda na kuwakusanya wanachuo katika maeneo ambayo gari moja linaweza kuyazunguka. Ukiona shule ya kijijini kwenu haimo kwenye orodha, mara nyingi sababu ni barabara na idadi ya siku.

Kisha inafuata barua. Chuo humwandikia Afisa Elimu, barua inashuka hadi halmashauri, inashuka hadi kwa mkuu wa shule, na mwanachuo anabeba nakala yake mkononi. Barua hizo zikichelewa, mkuu wa shule anashtukia vijana sita wamesimama mlangoni asubuhi ya paredi, wote wa Historia na Kiswahili, wakati yeye ana upungufu wa Fizikia na Hisabati. Hapo ndipo ningependa wakuu wa shule wajue kwamba wana sauti. Wanaweza kutuma mapema mahitaji yao ya masomo kupitia kwa Afisa Elimu, na mratibu wa BTP anayepata orodha hiyo kabla ya kufunguliwa kwa mfumo anaweza kuitumia. Anayeipata Julai hana la kufanya.

Na pesa. Mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu anaweza kuwa na fungu la mafunzo kwa vitendo, tofauti na bumu la kawaida, yaani pesa ya kujikimu. Asiye na mkopo anajigharamia nauli, chumba na chakula. Ukijua hivyo utaelewa kwa nini wengine hung'ang'ania mkoa wa nyumbani: analala kwa mama yake, anakula kwa mama yake.

Nilifundisha masomo mawili, Kiswahili na Jiografia, kwa kuwa shahada zetu nyingi humtaka mwanachuo awe na masomo mawili ya kufundishia. Tathmini ya Jiografia ilinikuta wiki ya tano. Mhadhiri alishuka kwenye bodaboda nikiwa tayari mbele ya darasa la Kidato cha Kwanza, akaingia kwa mlango wa nyuma, akakaa dawati la mwisho kati ya wasichana wawili, akaweka fomu yake juu ya goti. Ubaoni nilikuwa nimebandika mchoro wa manila: mlima, mishale ya upepo kutoka baharini, mawingu, upande mmoja mvua, upande wa pili ukame. Nilieleza kwa Kiingereza nilichokikariri usiku kucha. Nikauliza swali. Kimya. Nikauliza tena, polepole. Kimya kile ambacho kila aliyewahi kushika chaki anakijua, macho arobaini yakishuka kwenye madaftari kwa pamoja. Nikageuka, nikagusa mchoro, nikasema kwa Kiswahili: "Upepo umebeba unyevu. Unapanda mlima. Huko juu kuna baridi. Nini kinatokea?" Mikono ikanyanyuka mpaka nyuma. Mvulana mmoja akasema kwao ni upande wa pili wa mlima ndiyo maana hawavuni mahindi, wanapanda mtama.

Kwenye fomu nilipata alama nzuri za zana na za matumizi ya ubao. Chini kabisa mhadhiri aliandika: "Tumia lugha ya kufundishia." Alikuwa sahihi kwa mujibu wa fomu yake, na yule mvulana alikuwa sahihi kwa mujibu wa mtama. Sijaliacha jambo hilo mpaka leo. Fomu ya tathmini hukagua andalio la somo, namna ulivyolianza, maswali yako, zana, ubao, namna ulivyopima kama wameelewa. Andalio, azimio la kazi na shajara hukaguliwa pia, na asiyefaulu BTP hurudia. Lakini mkasa wa lugha kati ya shule ya msingi na sekondari hauna kisanduku chake, na mwanachuo anaubeba peke yake mbele ya watoto.

Ndiyo sababu sipendi kuona wanachuo wakilipuuza tangazo jingine, lile la ratiba ya mazoezi ya kufundishana. Utaratibu huu ulianzia Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960, chini ya Dwight Allen na wenzake. Unafundisha somo la dakika chache mbele ya wenzako wanaojifanya wanafunzi, wanakukosoa, unarudia. Unafanyia kazi stadi moja tu kwa wakati: leo kuanza somo, kesho kuuliza maswali, kesho kutwa kuandika ubaoni bila kuligeuzia darasa mgongo. Wengi huona ni mchezo, kwa sababu wenzako wanajua majibu yote na kucheka ni rahisi. Mimi sikuona thamani yake mpaka siku ya kimya kile, nilipogundua kwamba ujasiri wa kuacha maneno niliyoyakariri na kuuliza swali upya niliupata kwa mwanafunzi mwenzangu aliyewahi kuniambia kavu, "Umeuliza swali ukalijibu mwenyewe."

Kuna kipindi nchi ilijaribu njia ya mkato. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004 ulizaa shule za kata kwa kasi ambayo haikuwahi kuonekana: sekondari zikatoka takriban 1,300 mwaka huo hadi zaidi ya 4,000 mwaka 2009. Madarasa yalijengwa kwa nguvu za wananchi, walimu hawafyatuliwi kama tofali. Wahitimu wa Kidato cha Sita wakapewa mafunzo ya muda mfupi mno na kupelekwa kufundisha, na wananchi wakawabandika jina la "voda fasta". Wengi wao walijitoa kwa moyo na walistahili maandalizi bora kuliko waliyopewa. Wimbi hilohilo ndilo lililozaa vyuo vikuu vishiriki vya elimu, DUCE kule Chang'ombe, Dar es Salaam, palipokuwa na chuo cha ualimu, na MUCE pale Mkwawa, Iringa, palipokuwa na sekondari, vyote mwaka 2005, ili kuzalisha walimu wenye shahada kwa wingi.

Jambo linalowachanganya wageni ni majina na nyumba. Mlimani, yaani kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, elimu ilikuwa idara ndani ya kitivo kingine hadi mwaka 1989 ilipokuwa kitivo kamili, na leo inaitwa Shule Kuu ya Elimu, inayoongozwa na Amidi (dean). Mwanachuo wa shahada ya sanaa na elimu, hata hivyo, ana nyumba mbili. Historia yake anaisoma kwenye Ndaki (college) chini ya Rasi (mkuu) wake, saikolojia ya elimu na mbinu za kufundishia anazisoma Shule Kuu. Mbao mbili, ratiba mbili, na wakati mwingine mitihani miwili inayogombania asubuhi moja. Ukimsikia mwanachuo wa ualimu akilalamika kwamba hakuona tangazo, kabla hujamwita mzembe muulize lilibandikwa nyumba gani. Anayesoma shahada ya elimu yenyewe uzito wake uko zaidi upande wa taaluma ya elimu, na wengi wa njia hiyo hulenga vyuo vya ualimu na uongozi wa elimu.

Matangazo ya semina na utetezi wa tasnifu nitayapitia haraka. Mara nyingi hayawabagui wasikilizaji, ila watu hudhani yanawahusu maprofesa tu. Mwalimu aliyeko Dar es Salaam anayesikia kwamba kuna mtu atawasilisha utafiti kuhusu utoro au kusoma na kuandika kwenye shule za wilaya fulani aulizie kama anaweza kuhudhuria, akae, asikilize. Utafiti huo ulipita kwa Katibu Tawala wa Mkoa na kwa Mkurugenzi wa Halmashauri kuombewa kibali, ukawahoji walimu wenzake, na mara nyingi hakuna aliyerudi kuwaambia ulichogundua. Chumba cha semina ndiyo nafasi pekee ya kukisikia kikiwa bado cha moto.

Tangazo ninalotamani lisomwe na kila mtu kwa sasa ni lile la warsha za mtaala. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024 kwa madarasa machache na unapanda mwaka hadi mwaka. Umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili hata sekondari. Umeipa elimu ya biashara nafasi ambayo haikuwa nayo, na kufungua mkondo wa amali, yaani wa ufundi na stadi za kazi. Mwanachuo aliyesomea Historia kwa Kiingereza miaka mitatu anatakiwa kuingia darasani na kuifundisha kwa Kiswahili, akiwa na istilahi ambazo chuoni hakuzitumia. Nakumbuka mlima wangu wa manila nikiandika hivi. Sasa kuna somo la sekondari, zaidi ya Kiswahili chenyewe, ambapo mkono wa yule mvulana ungenyanyuka bila mwalimu kuvunja kanuni.

Kisha kuna hesabu ya mwaka 2027. Elimu ya msingi inashuka kutoka miaka saba hadi sita. Watoto waliokuwa darasa la tatu mwaka 2024 ndio wa kwanza kwenye utaratibu huo, na watamaliza darasa la sita mwaka 2027. Waliokuwa darasa la nne mwaka 2024 wako kwenye utaratibu wa zamani, nao watamaliza darasa la saba mwaka huohuo. Makundi mawili yatagonga mlango wa Kidato cha Kwanza kwa pamoja Januari 2028. Rudi sasa kwenye ubao wa kitivo: aliyeingia chuoni mwishoni mwa 2025 anamaliza katikati ya 2028, na anayeingia mwaka mmoja baada yake atakuwa kwenye BTP yake ya pili Julai 2028, shule zikiwa na Kidato cha Kwanza cha makundi mawili. Mratibu anayepanga vituo mwaka huo anahitaji kujua leo mikondo mingapi itafunguliwa wapi, na anayejua ni mkuu wa shule na halmashauri yake.

Tangazo la ajira halitoki kwa Amidi, ingawa wahitimu hulitafuta palepale kwa mazoea. Zamani mhitimu wa ualimu alisubiri jina lake kwenye orodha ya kupangiwa vituo. Sasa nafasi hutangazwa, unaomba kwa mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, unaitwa kwenye usaili. Mwanachuo wa mwaka wa tatu ajue hilo mapema, na aviweke vyeti vyake mahali pamoja.

Yule mwalimu wa taaluma wa Singida sasa ningemjibu. Ningemchorea kalenda mbili kwenye karatasi na kumwonyesha upenyo, na ningemwomba aandike barua kwa Afisa Elimu mwezi Machi, ataje masomo yanayompungukia. Siku ile nilikuwa na miaka ishirini na mmoja na barua mkononi tu. Ijumaa yangu ya mwisho, katikati ya Septemba, nilimkabidhi shajara. Aliipekua mpaka ukurasa nilioishia, akaweka kidole kwenye mada iliyofuata, kisha akaivuta ratiba ya ukutani na, kwa penseli, akaandika jina lake kwenye vipindi vyangu vyote vya Jiografia, juu ya vile ishirini na nane alivyokuwa navyo tayari.